Kuhusu Miti Mikavu Kumi na Mmoja, Vyombo Vitano na Baba Mukwe Mmoja

Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale
Tarehe 17 Septemba 2012

Kwa Mheshimiwa Prezida wa Komite ya Vyombo vya Kazi, familia nane za mstari wa kanisa.

Mheshimiwa Prezida,

Amani ya Bwana iwe nanyi, na poleni na kazi za umma, ambazo najua hazina mshahara na zina maneno mengi.

Ninawaandikia ninyi kama Prezida wa Komite. Naomba ieleweke tangu mstari huu kwamba siwaandikii kama baba mukwe wangu. Najua Prezida na baba mukwe wangu wanavaa koti moja la kijivu, wanalala kitanda kimoja na wote wawili wanaitika ukiita Rwakabuba. Lakini ofisi ni ofisi. Kwetu mkwe hawezi kumlalamikia baba mukwe usoni. Anatafuta mtu mzima, mwenye heshima, anamtuma. Nimezunguka hapa Base Camp wiki mbili nikitafuta mtu mzima ambaye yule mzee anamsikiliza, na kila niliyemuuliza alinijibu kwamba yule hasikilizi mtu isipokuwa nafsi yake. Ndiyo sababu nimekuja kwenu.

Naanza na historia, maana sekretere wenu Néhémie anapenda rapore, yaani ripoti, zenye historia.

Mwaka jana mradi wa miti uligawa miche ya grevilea, kumi na miwili kwa kila parsele, yaani kiwanja cha familia. Mimi nilipanda yote kumi na miwili kuzunguka nyumba, nikaimwagilia, nikaizungushia miiba. Ikafika urefu wangu, ikawa na unene wa mkono wangu, na mimi na mke wangu Uwitonze tukaanza kubishana ni upi tutakalia chini yake tukizeeka. Halafu likaja jua la mwaka huu, na mchwa wakaja nyuma ya jua. Kufikia Agosti ulibaki mti mmoja tu wenye majani. Kumi na mmoja ilikuwa fimbo.

Jumapili tarehe 26 Agosti, Mheshimiwa, mlibandika tangazo kwenye mlango wa kanisa. Ninalinukuu kwa sababu nililinakili: "Kila parsele iondoe miti mikavu, pamoja na mizizi, ndani ya siku saba, kabla wageni wa mradi hawajaja kuhesabu. Atakayebaki na mti mkavu hatapata miche mingine." Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la nne kwetu Minembwe miaka tisa, kabla ya kukimbilia hapa. Nikiona amri iliyoandikwa natii. Huo ndio mwanzo wa taabu zangu zote, na ninyi ndio mlioitia sahihi.

Sasa malalamiko, kwa namba.

1. Shoka. Mradi ulitupa seti moja ya vyombo kwa familia nane, na Komite, baada ya maombi na kikao cha saa nne, ikaamua pasiwe na familia moja yenye nguvu kuliko nyingine. Kwa hiyo kichwa cha shoka kinalala kwa Néhémie na mpini unalala kwa Mama Orpa. Jumatatu nilichukua kichwa asubuhi na mapema, nikaenda kwa mpini. Mama Orpa alikuwa anatwangia sombe, majani ya muhogo, kwa ule mpini. Aliniomba ningoje amalize, kisha akanionjesha, na ninasema kwa haki kwamba juu ya sombe sina lalamiko lolote. Lalamiko langu ni mafuta ya mawese. Mpini ulikuwa umelainika vizuri, na pigo la tatu kichwa kilichomoka, kikaruka juu ya ua wa mafunjo na kuanguka kwenye parsele ya Néhémie. Kilirudi kwao bila kusindikizwa.

Hata kabla ya kuruka, shoka halikunisaidia. Shoka linataka mti mnene, uliosimama na kukupinga. Mti mdogo mkavu haukupingi. Unaupiga, unainama, unarudi palepale, unakutazama.

2. Mupanga. Huu ni mwepesi na unapatikana, kwa kuwa hakuna aliyeona vibaya kuacha mupanga mzima katika nyumba moja. Kwa matawi ni mzuri sana. Kwa shina kavu unateleza. Jumanne niliukata mti wa kwanza nusu, na kipande cha ganda kikaruka kikaingia kwenye jicho langu la kushoto. Naomba Komite iliandike jicho hili vizuri kwenye daftari, kwa sababu mambo yote yanayofuata yanatokana nalo.

Nilipelekwa kwenye kituo cha afya. Askari wa mlangoni, Muganda mmoja mpole, alinionea huruma akaniambia, "Mzee, ungekuja kwangu nikupe slasha." Halafu akafikiri kidogo, akaongeza, "Lakini slasha ni ya majani tu. Miti itakushinda." Hivyo hata Serikali ya wenyeji haina dawa ya jambo hili. Kesho yake nikatumwa Ruharo, mjini Mbarara, kwenye hospitali ya macho, na huko walinitoa kile kipande, wakanihudumia kwa upole na kunifunga jicho kitambaa cheupe kwa wiki mbili. Mungu awabariki.

3. Siyi, yaani ule msumeno wa upinde. Kwa kuwa nilikuwa Mbarara tayari, nilipita mtaa wa Nyamityobora kuuchukua kwa seremala Bonaventure, ambako Komite iliupeleka kunolewa mwezi wa nne. Nilimkuta anakatia mbao za kitanda. Nilipomuuliza kama kazi ya kunoa imekwisha, alinijibu kwamba anaunoa polepole, kwa kuutumia. Nikaubeba kwenye gari hadi Nakivale, magotini, meno yamefungwa gazeti.

Mheshimiwa Prezida, mimi si mtu wa kulaumu tu. Kwa miti midogo mikavu hakuna chombo kama siyi. Unakaa chini, unashika shina kwa mkono wa kushoto, unavuta bila haraka, na mti unalala upande unaoutaka. Alhamisi nilikata mitatu kabla ya chai. Nilifurahi hata nikaimba. Ndipo akaja Néhémie na daftari lake, akatazama chini, akasoma tangazo tena kwa sauti, akafika kwenye yale maneno "pamoja na mizizi", akaandika: visiki vitatu, havijaondolewa. Siyi haijui mizizi. Nilipendekeza maneno hayo mawili yafutwe. Aliniambia tangazo ni la Prezida, na Prezida hafuti.

4. Baramine. Hili, chuma kirefu cha kubomolea mawe, linakaa nyumbani kwa Prezida mwenyewe. Ijumaa nilikwenda kuliomba, nikalikuta limesimikwa uani na mbuzi wa Prezida amefungwa kwalo. Prezida hakuwepo. Alikuwepo mama mukwe wangu, Mukashema, mlangoni, anachambua maharage. Sasa mimi nifanye nini? Mkwe hawezi kusimama mbele ya mama mukwe na kumwambia fungua mbuzi wako. Wala siwezi kumfungua mimi na kumwacha azurure mbele yake, nionekane mtu asiye na adabu. Nilisalimu kwa mbali, nikang'oa baramine, nikaondoka nalo pamoja na mbuzi.

Kazi ya baramine ni nzuri ukiwa na mgongo wa miaka ishirini. Nilichimba vile visiki vitatu vikatoka vyote na mizizi yake. Lakini nilipoinua macho, au tuseme jicho, niliona mbuzi wa Prezida amemaliza ule mti wangu wa kumi na mbili. Ule wenye majani. Alikuwa amefika kwenye ganda. Kwa hiyo ninaiarifu Komite kwamba idadi ya miti hai katika parsele yangu sasa ni sifuri, na aliyeileta hiyo sifuri anakula nyasi kwa Prezida hadi leo bila kuitwa kwenye kikao chochote.

5. Jembe. Jembe la Komite liko Rubondo, sehemu nyingine ya kambi, tangu Machi. Lilikwenda huko kuchimba kaburi la mzee mmoja na halijarudi, ingawa mzee mwenyewe amekwisha zikwa na matanga yamekwisha. Jumamosi asubuhi nilirudisha baramine na mbuzi. Ilibaki siku moja ya tangazo na miti minane. Kwenye ukuta wa nyumba ya Prezida, ndani, nyuma ya mlango, niliona jembe limetundikwa.

Nilifanya kila kitu kwa adabu. Nilisimama nje, nikageuza uso pembeni, nikasema kwa sauti ya heshima kwamba, kama haina ubaya, ningeazima jembe lile mpaka jioni. Mama mukwe hajawahi kuniambia hapana tangu nimuoe binti yake, na hata angetaka, hawezi kulisema hilo neno kwa mkwe. Alikohoa. Akakohoa tena. Mimi kikohozi cha kwanza nilikisikia kama karibu, na cha pili kama chukua tu mwanangu. Nikaingiza mkono, nikachukua.

Jembe lile lilikuwa la ajabu kidogo. Mpini haukuwa na alama ya kiganja hata kimoja, na rangi ya kiwandani ilikuwa bado iko kwenye chuma. Mtu mwenye macho mawili angejiuliza. Mimi nilikuwa na moja, na hilo moja lilikuwa linatazama miti. Mti wa nne ulitoka. Kwa mti wa tano nilipiga mzizi, chuma kikalia, na jembe likapasuka shingoni. Pale uani walikuwepo Mama Orpa amekuja kuulizia mpini, Néhémie na daftari, na majirani waliokuja kutazama mtu mwenye jicho moja akilima vijiti. Uwitonze alitoka jikoni, akaokota kile chuma, akakigeuza. Akasema, "Eliezeri, hii ni jembe ya mahari yangu."

Ni kweli. Mwaka 2006 mimi na wazee wangu tulilileta kwa mikono yetu, jipya, lisilogusa udongo, kama inavyotakiwa kwetu, na baba yake akalitundika ukutani ili kila anayeingia ajue binti ametolewa kwa heshima. Ng'ombe tuliahidi, kwa sababu hapa kambini hakukuwa na fasi ya kufugia. Jembe ndilo lililofika. Nimeazima mahari yangu mwenyewe na kuivunja kwenye mzizi wa grevilea. Sijui kama jambo hili limewahi kumpata mtu, lakini kama limempata, naomba nionyeshwe tukae pamoja.

6. Saa hiyohiyo akafika Prezida kukagua. Ninayasema haya kwa shukrani: kama Prezida mlitazama shimo, mkahesabu, mkanipongeza kwa mti wa nne uliotoka na mizizi yake. Halafu, bila hata kuvua kofia, baba mukwe akatokea mahali palepale mlipokuwa mmesimama. Alitazama vipande viwili vya jembe, akaonyesha jikoni aliko binti yake, akasema, "Huyu mutoto atakaa kwetu mupaka jembe irudi ukutani." Jioni Uwitonze akaondoka na binti yetu Marie na furushi moja. Wamekaa siku kumi na sita.

7. Matokeo yake katika nyumba. Bugali ninaopika unashika sufuria kwa ugomvi. Maharage yanaiva ya juu, ya chini yanabaki mawe. Jumapili nilivaa shati lenye vifungo viwili, na mchungaji alinitazama hata akapoteza mstari wa Zaburi. Haya yangevumilika. Kisichovumilika ni kwamba jioni nikimaliza kusema jambo natulia nijibiwe, na hakuna wa kunijibu. Uwitonze alikuwa na jibu kwa kila kitu, mengi yalikuwa yananikera, na nimegundua kwamba nilikuwa naongea ili nikerwe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Prezida, nikipanga mambo kama yalivyofuatana, naona hivi. Bila tangazo lenu nisingegusa miti. Bila mawese kwenye mpini nisingeshika mupanga. Bila mupanga ningekuwa na macho mawili. Bila neno "mizizi" siyi ingemaliza kazi Alhamisi na mimi ningekuwa nimelala. Bila mbuzi nisingerudi kwenye ua ule, na bila jembe la Komite kukaa Rubondo nisingeingiza mkono nyuma ya mlango. Kila hatua ina muhuri wa Komite. Sioni fasi hata moja ambapo mimi nilikosea.

Kwa misingi hiyo naomba yafuatayo:

(a) Prezida amwite baba mukwe wangu rasmi. Hatasumbuka kumtafuta, saa Prezida yuko nyumbani na yeye huwa yuko. Akikataa kuja, Prezida amfuate chumbani, amketishe kwenye kiti, aongee naye kwa ukali lakini bila kumvunjia heshima, maana ni mzee wa watu na ana presha. Nasikia hakuna mtu anayemheshimu kama anavyomheshimu Prezida.

(b) Kanuni ya nne ya Komite itumike. Inasema: kitu kilichoazimwa kirudishwe kwa mwenyewe ndani ya siku tatu, la sivyo aliyekishika akose zamu ya vyombo mwezi mzima. Mke wangu ameshikwa siku kumi na sita. Nikihesabu kwa kanuni hiyo, baba mukwe wangu asiguse chombo chochote hadi Februari.

(c) Jicho langu liingizwe kwenye orodha ya vyombo vilivyoharibika wakati wa kazi ya Komite.

(d) Mbuzi ahojiwe.

Nisipopata jibu katika siku saba, nitalazimika kukata rufaa juu ya Prezida. Juu ya Prezida, kwa mujibu wa katiba ya Komite, kuna Mkutano Mkuu. Mkutano Mkuu unaitishwa na Prezida. Basi nitakuja kwenu kuwaomba mniitishie mkutano wa kuwashitaki, na nina imani kubwa kwamba mtanikubalia kwa haki yenu ya siku zote.

Naomba mnisalimie Mama Mukashema, kwa mbali kama inavyopasa, na mumwambie kikohozi nimekwisha kielewa. Msalimieni Néhémie na daftari lake, Mama Orpa na sombe yake, majirani wote waliokuwepo siku ile, mchungaji, na wale wa Rubondo wakipita, pamoja na jembe letu. Marie mwambieni baba yake ameshafunguliwa jicho na hafanani tena na jambazi.

Ni mimi, mwanachama wenu mtiifu asiyechelewesha vyombo,

Eliezeri
Parsele ya tatu kutoka kanisani

Nakala: Baba mukwe wangu (apelekewe na Prezida, mkononi).

N.B. Jumanne asubuhi. Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha. Nimeifungua ili niongeze kidogo, na hiki kidogo si cha Prezida.

Uwitonze, najua baba yako siku hizi hasomi herufi ndogo, na kwamba wewe ndiwe unayemsomea barua za Komite mezani baada ya chakula. Kwa hiyo najua sauti iliyosoma haya yote ni yako. Hapa usisome kwa sauti. Mwambie zimebaki salamu tu.

Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi nilitoka, nikashika mti wa tano kwa mkono nione kama unatikisika, ukatoka wote na mizizi yake kama kitunguu. Nikashika wa sita, ukatoka. Saa moja haikuisha, yote saba ilikuwa imelala chini, na ule alioula mbuzi pia, na sikuwa nimeshika chombo chochote. Uliniambia Jumapili ile ya tangazo, tukitoka kanisani: "Ngoja mvua, itatoka yenyewe." Nilikujibu kwamba mvua haisomi matangazo. Naandika hapa kwa mkono wangu kwamba ulikuwa na haki.

Jembe ninalo. Jumatano iliyopita, nilipokwenda Ruharo kufunguliwa jicho, nililinunua Mbarara, jipya, zuri kuliko lile la kwanza. Liko chini ya kitanda siku ya sita leo. Ningeweza kulileta siku ileile, ungekuwa umerudi, na barua hii isingekuwepo. Sikulileta kwa sababu ninajua hukuondoka kwa ajili ya jembe. Baba yako anafikiri ni jembe, na watu wote wanafikiri ni jembe, na mimi nimeandika kurasa nne kama mtu anayefikiri ni jembe.

Uliposema ni jembe la mahari yako, mimi nilicheka. Nikasema, mbele ya Mama Orpa na Néhémie na wale wengine, "Basi, garanti imekwisha." Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Uliweka kile chuma chini polepole, ukarudi jikoni, na nilijua saa ileile nimekuita kitu cha dukani chenye dhamana mbele ya majirani. Nilikuwa na jicho moja, lakini uso wako niliuona vizuri. Ningeweza kukufuata jikoni. Badala yake nikaendelea kuchekesha watu kwa sababu walikuwa bado wanacheka.

Na tazama, hata humu juu nimekuandika kwenye kanuni ya nne pamoja na shoka na siyi. Nilipoandika niliona inachekesha. Leo nimeisoma tena baada ya mvua nikaona aibu. Ifute.

Jumapili, kanisa likitoka, nitasimama pale nje ambapo wale wote huwa wanasimama, na nitalitaja lile neno, na nitasema lilikuwa baya na ni langu. Sitaweka mzaha ndani. Nimejaribu kulisema hapa nyumbani peke yangu na nimeshindwa mara mbili, lakini nitalisema. Jembe nitampa baba yako. Wewe nitakuomba musamaha, na kama utataka kubaki kwenu hata baada ya hapo, nitarudi peke yangu na sitamwandikia mtu yeyote barua.